PAAVO NURMI, MKIMBIAJI ALIYEPIMA MWENDO WAKE



Kamati ya mkutano wetu iliponitaka niandike habari za mwanamichezo mmoja wa zamani, sikuchukua muda mrefu kumchagua. Sote tuliolala katika mabweni yale tunazikumbuka mbio za nyika. Filimbi ilipolia, wavulana walitoka kama nyuki waliochokozwa, na kabla ya kufika mtoni nusu yao walikuwa wakitembea huku wameshika mbavu. Ugonjwa huo una dawa, na aliyeionyesha dunia ni Paavo Nurmi wa Ufini.

Nurmi alizaliwa tarehe 13 Juni 1897 katika mji wa Turku. Baba yake, aliyekuwa seremala, alifariki mwaka 1910, na kijana huyo akalazimika kuacha shule ili kuisaidia familia. Alipata kazi ya utarishi kwa mwoka mikate, akisukuma mikokoteni yenye mizigo kupanda vilima. Kazi hiyo ngumu ndiyo iliyoikomaza miguu yake.

Mwaka 1920 alikwenda Antwerp, Ubelgiji, kwenye Michezo ya Olimpiki. Katika mita 5,000 alijaribu kuwavunja nguvu wenzake mapema kwa kasi kubwa. Mfaransa Joseph Guillemot alimvumilia mpaka mwisho, akampita na kuchukua dhahabu. Siku tatu baadaye, katika mita 10,000, Nurmi alitulia nyuma ya wenzake, akaitunza pumzi yake, na katika mzunguko wa mwisho akamshinda Guillemot yule yule.

Katika miaka iliyofuata alizoea kukimbia akiwa na saa ya kupimia mbio mkononi. Siku hizo wakimbiaji wengi walianza kwa kasi, wakalegea katikati, kisha wakajikaza mwishoni. Nurmi aliona kwamba nguvu za mwili ni kama posho ya safari: ukiitumia yote siku ya kwanza, utarudi nyumbani kwa miguu. Alijua mapema kila mzunguko uchukue sekunde ngapi, akaitazama saa yake, wala hakuwajali waliomtangulia. Wengi wao aliwakuta mbele wamechoka. Tusidhani kwamba alikwenda polepole. Mwaka 1923, mjini Stockholm, alikimbia maili moja kwa dakika 4 na sekunde 10.4, rekodi mpya ya dunia.

Sifa yake kubwa ilitoka Paris mwaka 1924. Fainali za mita 1,500 na mita 5,000 zilipangwa alasiri moja, tarehe 10 Julai. Nurmi hakuliacha jambo hilo kwa bahati. Mwezi Juni alizikimbia mbio zote mbili nyumbani katika muda wa saa moja, akavunja rekodi zote mbili za dunia. Huko Paris alishinda mita 1,500 na kupunguza mwendo mwishoni, ili abakize nguvu za mbio ya pili. Katika mita 5,000, Ville Ritola, Mfini mwenzake, na Edvin Wide wa Sweden walianza kwa kasi ili kumchosha. Nurmi aliifuata saa yake kwa muda, kisha akaitupa kwenye majani, maana sasa alishindana na watu. Alimshinda Ritola kwa hatua moja tu. Siku mbili baadaye, mbio za nyika zilifanyika katika joto kali mno: kati ya wakimbiaji 38, walimaliza 15 tu, na wa kwanza alikuwa Nurmi.

Kwa jumla alipata dhahabu 9 na fedha 3 za Olimpiki. Mwaka 1932 alizuiwa kushindana Los Angeles kwa madai kwamba alipokea fedha kwa kukimbia, jambo lililomuuma sana. Lakini mwaka 1952 ndiye aliyeingia na mwenge katika uwanja wa Helsinki. Alifariki tarehe 2 Oktoba 1973.

Ndugu zangu, mimi ni mtumishi wa serikali, nami nimeona miradi mingi ikianza kwa ngoma na kuishia njiani. Mfuko wetu wa kuwalipia karo wanafunzi waliofiwa na wazazi nao uko hatarini. Kila mkutano tunaahidi kwa mikono miwili, na miezi michache baadaye mweka hazina anabaki kuandika barua zisizojibiwa. Mtoto aliyeanza kidato cha kwanza anahitaji karo mpaka kidato cha nne. Nurmi hakupata wa kumlipia alipofiwa na baba yake. Basi mwaka huu kila mmoja aahidi kiasi kidogo anachoweza kukitoa kila mwezi kwa miaka minne, na akitoe.