Yves Montand: mtoto wa mfanyi mifagio aliyeimbia dunia nzima

Tukitaja jina la Yves Montand, wazee wetu wanakumbuka mara moja wimbo "Les Feuilles mortes". Wengine wanamkumbuka katika sinema, yule mzee mwenye hila wa "Jean de Florette". Lakini maisha ya huyu bwana ni zaidi ya nyimbo na filme. Leo tunapenda kuyasimulia kidogo.

Kwanza tuseme hivi: huyu Mfaransa mkubwa hakuzaliwa Mfaransa. Jina lake la kweli ni Ivo Livi. Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1921 huko Monsummano, katika jimbo la Toscana, inchi ya Italia. Baba yake, Giovanni Livi, alikuwa anatengeneza mifagio, tena alikuwa mkomunisti wa kweli. Wakati ule watu wa Mussolini walikuwa wanawinda watu kama yeye, na pahali pake pa kazi palichomwa moto. Akaona hapana usalama tena. Familia ikakimbilia Marseille. Walikuwa wanataka kufika Amerika, lakini njia ikafungwa, njo wakabaki pale pale kwenye bandari.

Maisha ya mkimbizi tunayajua sisi wote. Ivo aliacha masomo akiwa na miaka 11 tu. Alifanya kazi katika kiwanda cha makaroni, kiisha katika saloni ya dada yake Lydia, kutengeneza nywele za wanawake, kiisha katika kazi za bandari. Jioni ndiyo alikuwa anaimba. Alianza mwaka 1938 katika vijumba vya michezo vya kartie, na kufika 1939 akapanda jukwaa la Alcazar, ukumbi mkubwa wa Marseille. Na jina Montand lilitoka wapi? Lilitoka kwa mama yake. Kila jioni mama alikuwa anasimama juu kwenye dirisha na kumwita Ivo apande nyumbani, kama mama zetu wanavyoita watoto wakati wa chakula. Ile sauti ya kupanda, "Ivo, monta!", ndiyo akaifanya jina la kazi.

Mwaka 1944 alifika Paris, na vita ilikuwa bado. Pale Moulin Rouge alikutana na Édith Piaf, ambaye alikuwa vedeti tayari. Piaf alimpenda na akamfundisha kazi: kuchagua nyimbo, kusimama, kuacha mambo ya kuiga ma cow-boy wa Amerika. Mwaka 1946 Marcel Carné akamchukua kwa filme "Les Portes de la nuit". Filme ile ilianguka, watu hawakuipenda. Lakini wimbo wake, "Les Feuilles mortes", ulitembea dunia nzima.

Katika mwezi wa Agosti 1949, huko Saint-Paul-de-Vence, alikutana na Simone Signoret, mchezaji wa sinema. Wakaoana mwaka 1951. Mwaka 1953 ikatoka "Le Salaire de la peur" ya Clouzot: watu wanne wanaendesha kamyo mbili zilizojaa baruti ya maji, katika barabara mbaya, juu ya makuta tu. Filme ile ilipata zawadi kubwa ya Cannes, na tangu siku ile hakuna aliyesema tena kama Montand ni mwimbaji tu.

Sasa tunafika kwenye jambo lenye uzito. Montand hakuchukua kadi ya chama cha Wakomunisti, lakini alitembea nao, kama baba yake. Mwaka 1950 alitia sahihi kwenye mwito wa Stockholm wa kukataza bomu la atomiki, na kwa sababu ile Amerika ilimfungia mlango miaka mingi. Mwisho wa 1956 alikuwa na safari ya kuimba Moscow. Lakini vifaru vya Warusi vilikuwa vimekwisha kuingia Budapest na kuua watu. Aende ao asiende? Upande huu walimtukana, upande ule walimtukana vilevile. Akaenda. Na kule, mezani pamoja na Khrouchtchev mwenyewe, akamuuliza juu ya Hungaria uso kwa uso.

Alirudi na moyo mzito. Mlango wa Amerika ulifunguka mwaka 1959, akaimba Broadway, na mwaka 1960 akacheza filme na Marilyn Monroe. Magazeti yalisema mengi juu ya wale wawili. Signoret aliumia, lakini ndoa haikuvunjika.

Mwaka 1968 vifaru viliingia Prague. Hapo Montand akakata kabisa. Na Costa-Gavras, ambaye alikuwa amecheza naye "Z" mwaka 1969, alimpa kazi ngumu: "L'Aveu", mwaka 1970. Ni habari ya kweli ya Artur London, kiongozi wa Tchécoslovaquie aliyefungwa na watu wa chama chake mwenyewe, akateswa mpaka akakubali makosa asiyoyafanya. Montand alikonda sana kwa ajili ya filme ile. Lakini bei kubwa alilipa nyumbani: kaka yake Julien, mtu wa sendika na wa chama, alikasirika naye. Ndugu wa tumbo moja wakaacha kusemezana.

Hata hivi hakuacha kusaidia. Mwaka 1974 aliimba Olympia kwa ajili ya wakimbizi wa Chile. Mwaka 1981, karibu na miaka 60, akarudia Olympia na ukumbi ukajaa. Watu wengine walitaka awe hata prezida wa Ufaransa, yeye akakataa.

Signoret alifariki mwaka 1985. Mwisho wa 1988 Montand akapata mtoto wake wa kwanza, Valentin, akiwa na miaka 67. Tarehe 9 Novemba 1991 moyo ulimsimamisha, huko Senlis, wakati kazi ya filme "IP5" ilikuwa inamalizika. Analala Père-Lachaise, karibu na Simone.

Sisi tunaona hivi: kuimba vizuri ni zawadi, wengi wanayo. Lakini kusema mbele ya watu wako kama ulikosea, hata ndugu akikununia, ile si kila mtu anaiweza.