Mwalimu Aliyeanza na Mshahara Wake

Soma Luka 12:13–21 na 1 Timotheo 6:6–10.

Vijana wanaoingia kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ya Maramba, mkoani Tanga, huacha mengi nyumbani. Mtoto wa mwenye maduka na mtoto wa mkulima huvaa sare moja, hupanga foleni moja ya chakula na kushika jembe la namna moja. Jeshi hilo lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, chini ya uongozi wa Mwalimu Julius Nyerere. Miaka mitatu baadaye likamletea Mwalimu jaribu ambalo hakulitazamia.

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, kisha akafundisha Pugu. Kwa elimu ile angeweza kujitafutia maisha ya raha. Lakini mwaka 1955, akiwa kijana mwenye familia changa, aliacha ualimu na mshahara wake ili akitumikie chama cha TANU, ambacho wakati huo kilikuwa maskini.

Jaribu lilikuja Oktoba 1966, akiwa Rais. Serikali ilitaka wasomi walitumikie taifa kupitia JKT, na kwa muda wapokee sehemu tu ya mshahara. Tarehe 22 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga. Walilalamika kwamba wao wanaambiwa wajinyime, ilhali viongozi wanaishi kwa mishahara minono. Nyerere alikasirika, akawafukuza mamia yao warudi makwao; wengi walirudishwa masomoni mwaka uliofuata. Adhabu ilikuwa kali. Hata hivyo, ndani ya shutuma za vijana wale alisikia ukweli. Siku hiyohiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Hakuishia hapo. Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa. Viongozi walikatazwa kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni ya kibepari na kupangisha nyumba. Sasa vijana walijibu kwa miguu yao: walitembea masafa marefu kuliunga mkono. Mmoja wao, Seth Benjamin, alitoka Arusha kuelekea Dar es Salaam, akafariki njiani. Oktoba mwaka huohuo Nyerere naye alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Vijana walikuwa wametangulia; mzee akafuata.

Je, tamaa ya mali ilikwisha? La. Mwaka 1991 masharti yale ya uongozi yalilegezwa. Sheria yaweza kumzuia mtu asipangishe nyumba, lakini haiwezi kuuzuia moyo wake usiitamani. Kazi hiyo ni ya Mungu peke yake. Nyerere mwenyewe aliacha urais mwaka 1985, akarudi kulima Butiama. Alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, alizikwa kijijini kwao, na hakuna aliyemhesabu miongoni mwa matajiri.

Nyumbani kwetu nako kuna viongozi na vijana. Tunawaonya watoto juu ya simu za bei kubwa na mavazi ya mitindo, kisha wanatusikia tukikopa ili harusi yetu ipite ya jirani. Wana macho, nao wanalinganisha. Kijana anapouliza mbona sadaka imepungua na vitambaa vya sherehe vimeongezeka, huenda Bwana anamtumia kutuamsha.

Soma Marko 10:17–22. Yule tajiri aliijua sheria tangu ujana wake, lakini aliondoka kwa huzuni. Alikosa nini?

Maswali ya kutafakari:

1. Kijana akikuonyesha kwamba unafundisha kiasi huku ukiishi kwa anasa, je, utamkemea tu, au utautafuta ukweli ulio ndani ya maneno yake?

2. Kwa nini ni rahisi kumtaka mwingine ajinyime kuliko kuanza na kilicho mkononi mwako?

3. Juma hili, ni kitu gani kimoja ambacho wewe na nyumba yako mtakiacha, ili mwenye uhitaji apate?