Georges Lemaître, padri aliyeupa utupu hesabu yake

Einstein tunamjua wote. Hata mtoto wa shule ya msingi anajua zile nywele zake. Lakini yule padri Mbelgiji aliyemwonyesha Einstein kwamba ulimwengu haukusimama mahali pamoja, wengi hatumjui. Jina lake ni Georges Lemaître. Kwetu huku watu wangali wanabishana kama sayansi na imani vinaweza kukaa nyumba moja. Huyu alikaa navyo vyote viwili maisha yake yote.

Alizaliwa tarehe 17/07/1894 Charleroi, mji wa makaa ya mawe. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vioo. Kiwanda kikaungua moto, familia ikahamia Bruxelles. Mwaka 1911 kijana aliingia Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain kusomea uinjinia. Ni chuo hicho hicho ambacho baadaye kilizaa Lovanium ya Kinshasa, iliyofunguliwa 1954.

1914 vita ikafika Ubelgiji. Lemaître akaacha madaftari, akajitolea kuwa askari, akapigana kwenye mto Yser, kisha akawekwa kwenye mizinga. Alirudi na medali ya vita, lakini uinjinia haukumvuta tena. Akachukua hesabu na fizikia, akapata udaktari 1920, halafu akaingia seminari. Alipewa upadri mwezi wa 9 mwaka 1923. Mwaka huo huo akaenda Cambridge, Uingereza, kusoma na mwanaanga Eddington, kisha akavuka mpaka Marekani. 1925 alirudi Louvain kufundisha.

Sasa tuone kazi yake yenyewe. Mwaka 1915 Einstein alikuwa ametoa mlinganyo wenye pande mbili. Upande mmoja unaeleza umbo la anga na wakati. Upande wa pili ni kama daftari la hesabu ya vitu vilivyomo: hapa kuna nishati kiasi gani, inaenda wapi, inasukuma kwa nguvu gani. Daftari hilo wenye elimu wanaliita tensa ya nishati na msukumo. Ajabu yake ni hii: si uzito peke yake unaovuta vitu, hata msukumo unahesabiwa.

Einstein aliona mlinganyo wake haukubali ulimwengu utulie. Njo maana 1917 akaongeza namba moja, lamda, ili ulimwengu usimame. Mwaka 1927 Lemaître akaonyesha kwamba hata hivyo hausimami: unapanuka, na galaksi zinaachana. Aliandika kwa Kifaransa katika jarida la Ubelgiji ambalo wachache walilisoma. Mwaka huo Einstein alifika Bruxelles kwenye mkutano. Padri wa miaka 33 akaongea naye. Einstein akakubali hesabu, lakini wazo lenyewe akalikataa kabisa.

Lemaître hakugombana naye, wala hakuacha kazi yake. 1929 Hubble, akiwa Marekani, akatoa vipimo: galaksi iliyo mbali zaidi inakimbia zaidi. Eddington akatambua kwamba mwanafunzi wake wa zamani alikuwa ameshalisema. 1931 kazi ya padri ikatolewa kwa Kiingereza, na mwaka huo huo Lemaître akapendekeza kwamba ulimwengu wote ulianza kwenye kitu kimoja kidogo chenye kubanana sana, alichokiita atomu ya mwanzo. Einstein naye akakubali upanuzi, akaitupa lamda.

Hapo tena padri hakumfuata mkubwa. Mwaka 1934 aliitoa lamda upande wa umbo la anga, akaiandika kwenye lile daftari la nishati. Maana yake, utupu wenyewe una nishati, hata pale ambapo hakuna kitu. Tena msukumo wake ni wa kinyume, ni kama mpira wa kufungia mizigo kwenye pikipiki: ukiuvuta, wenyewe unataka kurudi ndani. Lakini katika hesabu za Einstein, mvutano wa namna hiyo, ukienea kila mahali sawasawa, matokeo yake ni kusukuma vitu viachane.

Mwaka 1951 Papa Pius XII alitoa hotuba iliyoonekana kusema sayansi imethibitisha uumbaji. Wengi wangedhani padri alifurahi. Hapana. Kwake atomu ya mwanzo ilikuwa mambo ya fizikia, na kesho vipimo vingeweza kuibadilisha. Imani haifai kuegemea kitu cha namna hiyo. Akaenda kuzungumza na watu wa karibu na Papa. Mwaka uliofuata Papa akaongea mbele ya wanaanga Roma, na maneno yale hakuyarudia. Lemaître akabaki padri, na 1960 akawekwa kuwa rais wa Chuo cha Sayansi cha Vatikani.

Mwaka 1965 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba wamenasa mnururisho dhaifu unaotoka pande zote za anga, mabaki ya joto la mwanzo. Rafiki yake alimpelekea habari hiyo akiwa mgonjwa hospitalini. Alikufa tarehe 20/06/1966.

Miaka 32 baadaye, 1998, vipimo vya nyota zinazolipuka vikaonyesha upanuzi wa ulimwengu unaongeza kasi. Ile lamda iliyotupwa ikarudi mezani. Leo watafiti wanajiuliza kama nishati hiyo ni ileile siku zote, ao ni uga wa skalari, maana yake kitu chenye namba kila mahali bila kuelekea upande wowote, kama joto la hewa, na ambacho kinaweza kubadilika polepole. Jibu halijapatikana. Mwaka 2018 wanaanga wa dunia walipiga kura sheria ya upanuzi iitwe ya Hubble na Lemaître.

Einstein alimkatalia, yeye akabaki na hesabu yake. Papa alimsifia kazi, yeye akaomba isivutwe kupita mpaka wake. Mara zote mbili ilikuwa rahisi zaidi kunyamaza.