Mwalimu Nyerere na lugha mbili za imani

Mtoto aliyezaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, siku ya mvua, alipewa jina la Kambarage, ambalo kwa Wazanaki ni jina la mzimu wa mvua. Baba yake alikuwa Burito Nyerere, mtemi tangu mwaka 1915, mwenye wake ishirini na wawili. Mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano. Kijana alichunga mbuzi, akachongwa meno kama desturi ilivyotaka, akajifunza bao kwa wazee. Bao hilo alilicheza mpaka uzeeni, na waliocheza naye wanakumbuka kuwa hakupenda kushindwa.

Sisi wa Nyamuswa tunaijua nchi hiyo bila kuonyeshwa ramani. Waikizu na Wazanaki ni majirani, lugha zetu ni ndugu, na mzee wa huku akizungumza taratibu, mzee wa kule anamwelewa. Majembe na mikuki ya pande hizi ilitoka kwa wahunzi Waturi. Kabla ya kuwa Rais wa nchi, Mwalimu alikuwa mtoto wa utamaduni huo, na hilo tusilisahau tunaposoma maisha yake.

Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi. Mwaka 1937 alikwenda Tabora. Tangu Mwisenge alivutwa na mafundisho ya dini katika misheni ya Nyegina, lakini alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943, baada ya baba yake kufariki mwaka 1942. Akachukua jina la Julius. Alisoma Makerere, akafanya ualimu katika Mtakatifu Maria Tabora, kisha akaenda Edinburgh alikopata shahada ya M.A. mwaka 1952. Mwaka 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel Waningu. Haya yanajulikana na wengi.

Kisichojulikana sana ni kazi aliyoifanya mwaka 1955. Wakati huo alikuwa mwalimu wa Pugu na rais wa TANU. Machi mwaka huo alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi ilimlazimu kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akaacha ualimu, akarudi nyumbani bila mshahara. Hapo ndipo Padre Arthur Wille wa shirika la Maryknoll, aliyetaka kuwahudumia Wazanaki kwa lugha yao, alipompa kazi ya kumfundisha Kizanaki. Mwalimu alimfundisha, na pamoja na hayo akatafsiri katekisimu na sehemu za Injili katika Kizanaki. Kazi hiyo aliifanya kwa miezi kadhaa, kisha akarudi Dar es Salaam kuendeleza mapambano ya uhuru.

Ni vyema tukae kidogo hapa. Yeyote aliyewahi kujaribu kueleza neema, sakramenti au Utatu Mtakatifu kwa lugha ya nyumbani anajua kwamba kamusi haitoshi. Mtafsiri anapaswa kulijua neno lilivyotumika katika matambiko, katika ndoa, katika msiba, ili asije akamwita Mungu kwa jina ambalo masikioni mwa wazee lina maana nyingine kabisa. Mtu aliyekulia katika boma la Burito, kisha akasoma falsafa na historia Ulaya, aliweza kazi hiyo kuliko karibu mtu yeyote wa wakati wake. Wamisionari nao walimhitaji kama mwalimu wao. Kwa wakati ule, padre Mzungu kukaa darasani na kufundishwa na Mwafrika halikuwa jambo dogo.

Mwalimu alipokuwa Rais, Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza bungeni alitangaza kuunda wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Aliwakumbusha wasomi kwamba walijua kucheza rumba na dansi nyingine za kigeni, lakini wengi wao hawakuwahi hata kusikia gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Baadaye likaanzishwa Baraza la Kiswahili la Taifa, mwaka 1967, na mwaka huohuo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi.

Mwaka 1963 serikali yake ilifuta utemi, na miongoni mwa waliopoteza cheo alikuwemo kaka yake, Wanzagi, aliyemrithi Burito. Wengine waliona kwamba mlinzi wa mila anabomoa mila. Maoni yangu ni kwamba kwa Wazanaki hoja hiyo haina nguvu sana, kwa kuwa utemi wa mtindo ule ulijengwa na Wajerumani na kuendelezwa na Waingereza, huku mamlaka ya zamani yakiwa kwa wazee wa rika na kwa waganga wa mvua. Kwetu Ikizu habari ni nyingine, maana utemi wa mvua unasimuliwa tangu kwa Nyakinywa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliumiza zaidi: watu walihamishwa kutoka mahame na makaburi ya babu zao, na pamoja na mahali hapo yakapotea majina ya vilima, visima na miti.

Kuna gharama nyingine, isiyo na kelele. Kiswahili kilituunganisha, na hakuna Mtanzania mwenye akili anayetaka kurudi nyuma. Lakini mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili, akaungama kwa Kiswahili na kuoa kwa Kiswahili, alibakiwa na Kizanaki au Kiikizu cha kusalimia bibi tu. Mtu aliyetafsiri katekisimu katika lugha ya mama yake ndiye pia aliyesimamia sera iliyoifanya lugha hiyo isihitajike. Sidhani alikuwa mnafiki. Alichagua, na kila uchaguzi una kinachoachwa.

Baada ya kung'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama, akalima, na akaendelea kuandika. Alikuwa ameshatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Sasa aliirudia kazi ya 1955, safari hii kwa Kiswahili. Alizigeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, zikachapwa na Wabenedikti wa Ndanda mwaka 1996. Utenzi una beti za vipande vinne, kila kipande mizani nane, vitatu vya mwanzo vikilingana vina na cha nne kikibeba kina kinachopita shairi zima. Ni sanaa ya Waislamu wa pwani. Hati ya Utenzi wa Tambuka iliandikwa Pate mwaka 1728. Mkatoliki wa bara aliiazima kwa heshima ili Habari Njema iweze kuimbwa.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Mwitongo, Butiama, kando ya msitu wa Muhunda ambao Wazanaki wanauheshimu tangu zamani.

Leo anaitwa Mtumishi wa Mungu, na mchakato wake ulianzia Jimbo la Musoma. Katika mchakato wa namna hiyo Kanisa hukusanya maandishi yote ya mhusika. Tenzi ni rahisi kuzipata. Kurasa za Kizanaki za mwaka 1955 ni jambo jingine. Makatekista wa zamani wa Zanaki na familia zao, maparoko wanaopanga upya makabati ya ofisi, na ninyi mafrateri mnaotumwa huko wakati wa likizo: mkikuta katekisimu au karatasi za sala zilizopigwa taipu kwa Kizanaki, hata zikiwa zimeliwa na mchwa pembeni, msizichome pamoja na takataka. Mpelekeeni paroko au ofisi ya jimbo, na mwandike nyuma yake mlikozipata na nani alizitunza.