Alirauka Saa Kumi na Moja na Nusu, Akaacha Riwaya 47: Stori ya Anthony Trollope

Wewe msee uliye na riwaya imekwama chapter ya tatu kwa simu, hii ni yako. Kila Januari unaapa utaimaliza. Ikifika Disemba bado iko palepale, na sababu ni zilezile: jobo inakumaliza, mtaani kuna kelele, mood haijakuja. Sasa tulia nikupe stori ya Mwingereza mmoja, Anthony Trollope, aliyededi mwaka wa 1882 akiwa ameandika riwaya 47. Na kwa miaka mingi ya kuandika alikuwa tu mfanyakazi wa posta.

Usidhani alizaliwa mahali poa. Alizaliwa London mwaka wa 1815. Budake alikuwa wakili, kazi ikamshinda. Akajaribu ukulima, nao ukamshinda. Trollope alisomea shule za watoto wa wadosi huku yeye amesota, nguo chafu, karo haijalipwa. Hakuwa na mabeshte. Alichofanya ni kujitungia stori kichwani akitembea peke yake, stori moja akiisongesha kwa wiki, hata miezi. Hakuwa na rada kwamba hayo yalikuwa mazoezi.

1834 madeni yalizidi, familia ikahepa hadi Bruges, Ubelgiji. Aliyeshikilia boma ni mathee, Frances. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1832 akiwa amepita miaka 50. Kule Bruges aliuguza mume na mtoto wake hadi wakafariki, na bado akaandika, kwa sababu vitabu ndivyo vilikuwa vinalisha watu. Kwa hivyo Trollope alijua mapema: kuandika ni kazi kama kazi ingine. Hungojei kubambika ndio uanze.

Mwaka huohuo alipata jobo posta, akiwa na miaka 19, mshahara pauni 90 kwa mwaka. Alikuwa mfanyakazi mbaya, anachelewa, madeni kila kona. Miaka saba ikapita hivyo. 1841 akahamishiwa Ireland, na huko ndiko maisha yalianza kunyooka. Akaoa, akaanza riwaya ya kwanza.

Sasa sikia hii. Riwaya hiyo ilitoka 1847, karibu hakuna mtu aliinunua. Ya pili, 1848, zilichapishwa nakala 375, zikauzwa 140. Ya tatu, 1850, alipewa pauni 20 na ikaanguka. Ya nne, The Warden, ikatoka 1855, na kwa mwaka wa kwanza ilimpa pauni tisa na ushee. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka kumi tangu aanze, na hiyo chapaa yote haingeweza kumlisha. Wewe ulipost kipande kimoja, watu watatu wakalike, ukakata tamaa.

Kilichombeba ni ratiba. Alikuwa anamlipa mtumishi wake pauni tano zaidi kwa mwaka, kazi yake kumuamsha na kumletea kahawa. Saa kumi na moja na nusu asubuhi ameketi mezani. Nusu saa ya kwanza anasoma ya jana, sikio lirudi kwa sauti ya stori. Halafu anaweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila dakika 15. Saa mbili na nusu amemaliza, anaenda jobo. Alikuwa na daftari la kuandika kurasa za kila siku, ili akizembea, daftari limuaibishe.

Na jobo yake haikuwa ya kukaa tu. Alizunguka sana kukagua njia za barua, na ndiye alipendekeza yale masanduku ya posta ya kando ya barabara, yakajaribiwa visiwa vya Channel 1852. Safari zilipozidi, aliandika kwa treni na penseli, mkewe Rose akinakili baadaye. Sehemu kubwa ya Barchester Towers, ya 1857, iliandikwa hivyo. Akiwa melini kuelekea Misri, bahari ilimchafua tumbo. Anaacha karatasi, anaenda kutapika, anarudi kumalizia kurasa zake. Siku moja baada ya kumaliza riwaya hiyo alianza ingine.

1860 akaomoka. Jarida jipya London lilimlipa pauni 1,000 kwa riwaya moja. Posta aliiacha 1867.

Lakini usifikirie alikuwa mashini. Wahusika wake aliishi nao. Siku moja kwa klabu yake alisikia makasisi wawili wakilalamika kwamba anarudia wahusika walewale, hasa Mrs Proudie, mke wa askofu. Akasimama, akajitambulisha, akawaahidi atamuua upesi. Akamuua kweli, na baadaye akakiri alimmiss.

Ratiba pia ilimgharimu. Vitabu vingine vilitoka vyepesi. Maisha yake aliyojiandikia yalipochapishwa 1883, yakianika saa, kurasa na karibu pauni 70,000 alizopata, wasomi wengi walimshusha. Walitaka mwandishi anayengoja malaika. Leo bado anasomwa.

Wewe usijilazimishe spidi yake. Chukua robo saa moja tu: maneno 250 kwa siku, kwa mat, kabla ya jobo, popote. Riwaya ya maneno 80,000 hiyo ni siku 320. Soma ya jana kwanza, andika idadi mahali utaiona, na usirudi kupiga msasa chapter ya kwanza kabla ufike mwisho. Itakuwa mbaya. Ya kwanza ya Trollope pia haikununuliwa. Lakini angeachia hapo, zile zingine 46 hazingekuwepo.

Kesho saa ngapi utarauka?