Okot p'Bitek na Tasnifu Iliyokataliwa

Okot p'Bitek alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka wa 1931. Wengi humkumbuka kwa Song of Lawino (1966). Wachache wajua kwamba tasnifu yake ya uzamifu ilikataliwa. Akisomea anthropolojia Oxford, aliwapinga waziwazi wahadhiri walioziita jamii za Kiafrika za kishenzi. Tasnifu aliyoandika kuhusu dini ya kwao haikupitishwa. Hata hivyo, utafiti wake hakuufungia sandukuni: mwaka wa 1971 alichapisha Religion of the Central Luo jijini Nairobi, alikofundisha chuo kikuu. Alipofariki mwaka wa 1982, alikuwa profesa Makerere. Msimamizi mwema humsaidia mtafiti kuitetea hoja yake, hamshurutishi kuitupa.