Okot p'Bitek na Vyuo Vyake Vitatu

Marehemu Okot p'Bitek anafahamika kwa shairi lake refu lililochapishwa kwa Kiingereza jijini Nairobi mwaka wa 1966, na ambalo wasomaji wa Kiswahili wanalijua kama Wimbo wa Lawino. Safari yake ya masomo haizungumzwi sana, ilhali ilimpitisha katika vyuo vikuu vitatu na taaluma tatu tofauti.

Alizaliwa mwaka wa 1931 mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda. Mamake alikuwa manju aliyesifika miongoni mwa Waacholi. Okot alisoma King's College Budo, akasomea ualimu Mbarara, kisha akafundisha katika shule moja karibu na Gulu. Kilichomfikisha Uingereza ni kandanda. Mwaka wa 1956 alizuru nchi hiyo pamoja na timu ya taifa ya Uganda na, ziara ilipokwisha, akabaki huko kusoma.

Alianza na elimu katika Chuo Kikuu cha Bristol, jambo lisiloshangaza kwani alikuwa mwalimu tayari. Kisha akahamia Aberystwyth, Wales, akasomea sheria hadi akapata shahada. Yafaa ikumbukwe kwamba Uganda ilikuwa inaukaribia uhuru, na wanasheria Waafrika walikuwa wachache mno. Mzazi yeyote angemsihi mwanawe atulie hapo! Okot aliiweka sheria kando, na mwaka wa 1960 akajiunga na Chuo Kikuu cha Oxford kusomea anthropolojia ya jamii.

Huko ndiko alikokutana na mtihani usiokuwa kwenye ratiba. Alikuwa amekwenda kuzichunguza jamii za Kiafrika kitaaluma. Katika mhadhara wa kwanza kabisa akamsikia mhadhiri akiwataja Waafrika kama washenzi, watu wasiostaarabika. Alilalamika, lakini malalamiko yake hayakufua dafu.

Aliyekwisha kuhama mara mbili angeona wepesi wa kuhama tena, na mara hii angekuwa na sababu nzito kuliko zote zilizotangulia. Okot hakuhama. Aliandika tasnifu kuhusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango, akaiwasilisha mwaka wa 1963. Kwa maoni yangu, uamuzi huu una uzito kuliko kule kuhama kwenyewe: nyimbo za aina aliyoisikia kwa mamake zilikuwa sasa ndizo somo lake, na lugha ya wahadhiri wake akaijua vya kutosha kuipinga. Mwaka wa 1970 alitoa kitabu kilichowashutumu wasomi wa Magharibi kwa namna walivyozieleza dini za Kiafrika.

Upinzani huo haukukosa gharama. Mwaka uo huo wa 1970 tasnifu yake ya uzamifu ilikataliwa Oxford. Utafiti wake kuhusu dini ya Waluo wa Kati ulichapishwa kama kitabu jijini Nairobi mwaka wa 1971. Wakati huo alikuwa akiishi uhamishoni nchini Kenya na kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako digrii hiyo aliyonyimwa haikumzuia kuingia darasani.

Baadaye alifundisha Ife, Nigeria. Alipofariki Julai 1982, alikuwa amerejea Makerere muda mfupi tu uliopita akiwa profesa wa uandishi wa kubuni, taaluma ambayo hakuisomea katika chuo chochote kati ya vile vitatu.